Mti wa Juu ya Nyumba ya Okelo

Najua mnanicheka. Upepo ukianza kupiga kelele kwenye mikaratusi, ninyi mnaendelea na chai yenu, na mimi nimeshatoka nje, mikono nyuma, shingo juu, natazama paa. Juzi mjukuu wangu aliniambia, "Guga, hii ni mabati, haiendi mahali." Nilimjibu kwamba hata mabati nimeyaona yakienda. Niliyafuata kwa miguu katikati ya chai, nikayakuta yamejikunja kwenye mti yakilia kila upepo ukiyagusa. Akacheka zaidi. Basi kaeni niwaeleze, ili mkinicheka tena mcheke mkijua.

Kazi yangu ilikuwa kuezeka. Niliondoka Maragoli nikiwa kijana mwenye nguvu na maneno mengi, miaka ile ambayo msitu wa Kericho ulikuwa bado unakatwa ili Mzungu apande chai. Kambini tulichanganyika: sisi wa Maragoli na Bunyore, Wajaluo wa kando ya ziwa, na Wakipsigis wachache wa hapo hapo ambao, kwa haki kabisa, hawakufurahi sana kutuona. Nyumba zetu zilikuwa za udongo, za mviringo, zimepangwa mistari mistari, na paa zote za nyasi. Nyasi huoza, panya hutoboa, moto wa jikoni huunguza, kwa hiyo mtu wa kuezeka hakukosa kazi hata wiki moja. Hilo ndilo lililonitia kiburi.

Aliyenifundisha ni mzee arap Mosonik, mtu wa Sosiot, mfupi, mwenye magoti magumu ya kukaa juu ya paa. Hakuwa mtu wa kueleza. Siku ya kwanza alipanda kukagua kazi yangu, akavuta vicha vya nyasi nilivyofunga, kimoja kimoja, vyote kumi na vinne, akavitupa chini. Kisha akashuka akaomba maji ya kunywa. Nilipomuuliza kosa ni nini, akasema, "Wewe nafunga kama mtu iko na safari. Funga kama mtu nakaa hapa." Nimewafundisha vijana wengi baada yake na sijapata maneno bora kuliko hayo.

Mkitaka kujua, kazi yenyewe ni hivi. Unaanza ukingoni, chini, unapanda ukizunguka. Shina la nyasi liangalie chini. Kila mzunguko ufunike kamba ya mzunguko wa chini yake, maana kamba ikiona mvua haimalizi mwaka. Paa liwe la mteremko mkali. Mtu anayetaka paa la kulala anataka maji kitandani. Ukifika kileleni unakusanya nyasi zilizobaki, unazipinda, unazifunga kwa nguvu zako zote. Hiyo tuliita kofia. Na kama mwenye nyumba ana mti wake wa juu, mti huo unawekwa kabla ya kofia. Kabla. Ukishafunga kofia, huwezi kuuchomeka bila kubomoa kilele chote.

Mti huo ninyi hamuujui. Ni kijiti kilichochongwa ncha, urefu wa mkono, kinachosimama juu kabisa ya nyumba. Wajaluo wanauita osuri. Kwetu Maragoli kulikuwa na kitu cha namna hiyo, na arap Mosonik alisema hata wao. Mti ukisimama, mwenye nyumba yuko hai, hata kama amekwenda mbali. Akifa, unatolewa. Mpita njia hahitaji kuuliza. Anatazama juu, anajua.

Kambini si wengi waliojali. Walisema hizi ni nyumba za shamba, si za kwetu. Okelo alijali. Okelo alikuwa Mjaluo, mwendesha mkokoteni wa ng'ombe, mrefu, mkimya kwa watu na msemaji sana kwa ng'ombe wake wanne. Alichonga mti wake mwenyewe kutoka kwa mzeituni wa mwituni, akaupaka mafuta mpaka ukawa mweusi. Aliishi mlango wa tatu kutoka kwangu, pamoja na mke wake, Mama Awuor, na mtoto wao wa kike, Awuor.

Sasa kosa langu la kwanza. Nyasi za karibu zilikuwa za bwawani, laini, zinazokaa miaka miwili zikaanza kunuka. Nilikuwa nimeona nyasi za upande wa Sigor, ndefu, shina gumu, rangi ya wekundu wekundu kama ng'ombe. Nikamwambia nyapara kwamba fundi wa kweli haezeki kwa majani ya bwawani. Arap Mosonik alinivuta kando.

"Mpua ni mpaya," akasema, yaani mvua ni mbaya, akionyesha mawingu upande wa Bureti. "Ngoja mwezi hii naisha."

Sikungoja. Nilitaka nyasi zangu. Nyapara akakubali, Okelo akafunga ng'ombe, akaenda Sigor kuniletea. Siku ile anaondoka alinipigia mluzi kwa mbali na kusema, "Fundi, nikirudi usiseme ni fupi!" Nikamwambia asiporudi na ndefu asirudi. Maneno hayo nayasikia mpaka leo.

Mvua ya mawe si mgeni Kericho. Lakini ile haikuja kama mvua. Upepo ulitangulia, alasiri moja, ukapita kama mtu anayefyeka njia: mstari mmoja wa nyumba ukang'olewa paa zote, mstari wa pili ukaachwa na tatu. Kisha mawe. Tulijificha chini ya vitanda na masufuria vichwani. Yalipokwisha, ardhi ilikuwa nyeupe na baridi iliuma miguu. Tukatoka nje. Chai yote, bonde hadi bonde, ilikuwa vijiti vitupu. Harufu ya majani yaliyopondwa ilikuwa kali kana kwamba kiwanda kizima kimemwagwa nje. Paa la kiwanda lenyewe, la mabati, lilikuwa limekwenda nusu. Bibi mmoja wa Bunyore alikuwa ameketi katikati ya ukuta wake wa mviringo wa udongo, mvua ikimdondokea, akichambua mboga. Nilimwita atoke. Akasema, "Nitoke niende wapi? Hapa ni kwangu."

Nawaambieni, siku zilizofuata niliona watu ambao nilikuwa nimeishi nao miaka mingi bila kuwaona. Chai ikiwa haina jani hakuna wa kuchuma, kwa hiyo mikono yote ilikuja kwenye paa. Wajaluo waliosema sisi Waluhya tunaezeka kama tunafunika kuku, na sisi tuliosema paa zao zina ngazi za panya, tulipanda pamoja, tukatukanana kwa furaha toka juu ya nyumba hadi juu ya nyumba. Wanawake walisokota kamba za migomba. Siku ya pili, wanawake wa Kipsigis wa nje ya shamba, ambao nao walikuwa wameezuliwa, walikuja na vibuyu vya maziwa, wakaviweka chini bila maneno mengi. Mmoja alitazama kuta zetu zisizo na paa, akatingisha kichwa, akavua shuka lake akamfunika mtoto wa mtu.

Tuliezeka kwa nyasi za bwawani, zile zile nilizozidharau. Na Okelo hakuwa amerudi. Kwa hesabu ya siku, mvua ilimkuta njiani akiwa na mzigo, mahali fulani karibu na mto. Watu waliotoka huko walisema daraja limekwenda. Kuhusu mkokoteni hawakujua lolote.

Siku ya sita nilifika nyumba ya Okelo. Nilikusudia niifanye vizuri kuliko zote, kwa sababu kila siku nilimwona mke wake akitazama barabara. Nilifunga kila kicha kama mtu anayekaa hapo. Nilifunga kofia mpaka kamba ikalia. Nikashuka, nikapangusa mikono, nikarudi nyuma kuitazama, na kweli ilikuwa nzuri. Mama Awuor alitoka upande wa pili. Mkononi alikuwa na mti mweusi. Alikuwa ameuokota katikati ya chai baada ya mvua, akausugua, akausimamisha ukutani ili niuone. Nami nilikuwa nimeuona. Niliutumia kukanyagia nilipokuwa napanda, akili yangu yote kwenye kofia.

Alitazama juu. Akatazama mti. Akatoa sauti ambayo wanawake wa kwao hutoa mtu akifa, na kambi nzima ikaja mbio, Wajaluo, Waluhya, Wakipsigis, kila mtu akitazama juu, na kila mtu akaelewa. Wengine walianza kulia naye. Walidhani habari imefika.

"Fundi," aliniambia, "umeniulia bwana. Mto haikusema amekufa. Mzungu hakusema amekufa. Wewe ndio umesema."

Nilitaka kupanda palepale nivunje kofia nichomeke mti, yaishe. Wazee wawili wa Kijaluo wakanishika suruali. "Hiyo haiwekwi kwa kubahatisha," mmoja akasema. "Kama mtu amekufa na wewe unamwekea mti, umefanya mbaya zaidi." Mwenzake akapinga, nyumba haiwezi kukaa hivyo, inaita msiba. Wakabishana mpaka sauti zikapanda. Arap Mosonik akasema, "Nyumba iko na mwenyewe. Mwenyewe nakwenda wapi? Tafuta yeye, muulize."

Mama Awuor hakuingia katika ile nyumba. Alikaa nje ya mlango, mti mapajani, Awuor akicheza karibu. Majirani walimletea uji, akashukuru, hakunywa. Nami nilijaribu kuezeka nyumba iliyofuata, na mikono ilikataa. Nilifunga kicha, nikakifungua, nikakifunga. Nilishuka, nikapanda. Arap Mosonik alinitazama mara tatu, ya nne akatupa kamba yake chini, akachukua fimbo. "Twende," akasema. "Wewe leo si fundi, wewe ni nzi."

Tulitembea siku mbili kuelekea Silibwet, njia ya Sigor aliyopita Okelo. Njiani tulizunguka miti iliyoanguka, tukavuka mto, uliokuwa umeshuka sasa, kwa gogo. Sikula vizuri. Nilikuwa nawaza nitakapomkuta amelala kando ya mto, nitamwambia nini mke wake, na kila nikifikiri hivyo naongeza mwendo mpaka mzee ananiita nimngojee. Karibu na maduka machache ya Silibwet tulikuta upepo ule ule ulikuwa umepita, na watu walikuwa wanaezeka kama sisi. Na mimi, kwa kuwa macho ya fundi hayapumziki hata kwenye msiba, nikatazama paa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na kiraka kipya. Nyasi ndefu, shina gumu, rangi ya wekundu wekundu. Nikasimama.

"Hiyo ni yangu," nikamwambia arap Mosonik.

Nyumba ya mbele, nusu ya paa, wekundu wekundu. Ng'ambo ya bonde, paa zima. Nawaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichoniingia hakikuwa furaha, kilikuwa hasira. Nyasi zangu! Niliingia ua wa kwanza bila kubisha hodi vizuri, nikamwuliza mama mwenye nyumba nyasi hizi amezitoa wapi. Akasema ni zake. Nikamwuliza kama amemwona Mjaluo mrefu mwenye ng'ombe wanne. Akasema hajaona Mjaluo tangu azaliwe. Nyuma ya nyumba yake ng'ombe mmoja wa Okelo alikuwa ananitazama akitafuna.

Nyumba ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, mzee alichukua rungu. Ndipo arap Mosonik alinisukuma kando, akakaa chini juu ya jiwe, akazungumza nao kwa Kikipsigis, polepole, akionyesha juu ya paa na akionyesha mapaja yake, na nikaelewa kwamba anawaeleza habari za mwanamke anayekaa nje ya mlango. Yule mama wa nyumba ya kwanza, aliyekuwa ametufuata, alishika mdomo. Akaniuliza kwa Kiswahili, "Hukuja kuchukua nyasi?"

"Hapana, mama."

"Na hukuja kumpeleka kwa polisi? Yeye nasema nyasi ni ya Mzungu, tukisema atafungwa."

Akatuongoza hadi nyumba ile ya ng'ambo yenye paa zima la nyasi zangu. Okelo alikuwa amelala ndani juu ya ngozi, mguu umefungwa vijiti. Mkokoteni ulipinduka upepo ulipokuja, gurudumu likamkalia. Watu hawa ndio waliomtoa. Walimtuma mtu atuletee habari, akakuta mto umejaa, akarudi.

Okelo aliponiona hakunisalimu. "Fundi," akasema, "nyasi yako imeisha. Mvua ilikuwa inanyeshea watoto hapa ndani, na mimi nimelala na mzigo mzima uko nje. Ningefanya aje?"

Nilikuwa nalia, si kidogo.

"Mbona unalia kwa sababu ya nyasi?" akauliza. Kisha akaanza kuogopa. "Mama Awuor? Awuor?"

Nikamwambia wako hai wote wawili. Nikamwambia na habari ya kofia na mti, maana hakukuwa na njia ya kuizunguka. Alitazama juu kwenye nyasi za Sigor.

"Mimi nakwenda wiki mbili tu," akasema mwishowe, "na wewe unanizika!" Akacheka mpaka mguu ukamuuma, akanitukana kwa Kijaluo, akacheka tena.

Walimbeba watu wa Silibwet kwa machela ya ngozi. Wa ua huu walimfikisha kilimani, wa kilima wakampokea, hivyo hivyo mpaka karibu na shamba, na kila aliyepokea machela alikuja pia na kicha cha nyasi kichwani, nyasi zao fupi za huko. Sikuwaomba. Zilimaliza nyumba tisa zilizobaki, na zilikaa miaka sita. Tangu siku hiyo sijamtukana mtu nyasi zake.

Tulifika asubuhi. Mama Awuor alikuwa pale pale mlangoni. Hakukimbia, hakupiga kelele. Alikuja mpaka kwenye machela, akaushika uso wa Okelo kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku kama mtu anayekagua chungu. Kisha akanigeukia, akaninyooshea ule mti mweusi.

"Panda," akasema.

Nilivunja kofia ile nzuri. Okelo alikuwa chini, amelala, ananielekeza: kulia, kulia kidogo, hapana, umeinama. Kambi yote ilisimama ikitazama, na wale waliobeba machela, na nilipofunga kofia ya pili juu ya mti wake, arap Mosonik alipanda, akavuta kicha kimoja kwa nguvu. Hakikutoka. Akashuka akaomba maji ya kunywa.

Baadaye mabati yalikuja kambini, na kazi yangu ikageuka kuwa ya misumari. Mabati hayana kofia, hayana mahali pa mti. Sisemi ni mabaya. Hayanuki na panya hawayapendi. Okelo alipostaafu alirudi kwao ziwani, mguu mmoja mfupi, na ule mti ameufunga ndani ya blanketi, akausimamisha juu ya nyumba yake ya nyasi aliyokataa kuibadilisha. Mkinisikia nikimsifu mjue nilimpenda kama ndugu.

Mwaka ule alipokufa, Awuor aliniandikia, nikaenda. Tulipokwisha kuzika, mtu wa ukoo wao alipanda juu ya nyumba kuutoa mti, na mimi nikajikuta nimesimama, mkono juu, mdomo wazi, nataka kumpigia kelele ashuke, anakosea, mwenyewe yuko njiani. Mama Awuor alikuwa mzee kama mimi. Alinishika mkono wa koti.

"Wacha watoe, fundi," akasema. "Safari hii ni kweli."

Nikakaa chini karibu naye. Upepo wa ziwani ulikuwa unavuma vizuri tu, paa lilikuwa pale mbele yetu, na siku hiyo peke yake, katika miaka yote hii, sikulitazama.